Kuukwangua Upinde wa Baba

Alhamisi, 28 Mei 2026

Kikao cha mashindano ya mishale baina yetu na wa ng'ambo kimekwisha salama, yaani kimekwisha nilivyotaka. Mzee Maige, mwenyekiti wetu, aliuliza upinde wa asili ni upi hasa. Watu wakaanza kuzungushazungusha maneno. Nikasimama. Mti, nikasema. Kano ya ng'ombe. Manyoya ya ndege kwenye mshale. Hakuna bomba, hakuna nailoni, hakuna mpira wa baiskeli. Kama tunataka vya dukani, basi tuite jambo hili michezo ya shule, tukalale. Wakapiga makofi. Limepita, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kuandika masharti na kukagua pinde.

Bomba ni la Ng'washi, kila mtu hapa Kisesa anajua. Yule mjane wa kule kwenye majaruba ya mpunga. Alilainisha bomba la maji juu ya makaa, akalikunja, akafunga uzi wa nyavu alionunua soko la Mwaloni, na huo ndio upinde wake. Mwaka jana alishika nafasi ya pili nyuma yangu. Karibu sana nyuma yangu. Leo hakubishana. Aliuvaa begani akatoka.

Ijumaa, 29 Mei

Nimeushusha upinde wa marehemu baba ukutani. Siuwezi. Bega la kulia — tangu niteleze na paja la ng'ombe pale machinjioni — linafika nusu, linakataa. Nimejaribu nimesimama, nimejaribu nimekaa.  Na mshale wa kwanza wa upande wetu, wa kufungua mashindano, ni wa ukoo wangu, baba aliupiga mpaka alipofariki, nami nimeupiga tangu hapo. Niende niseme nini? Mashimba mwenye bucha, mwenye maneno mengi kikaoni, hawezi kuvuta?

Jumapili, 31 Mei

Bernadeta alikwenda misa ya pili, mimi nikasingizia kichwa. Mume wa mtu namdanganya mke wangu kwa ajili ya kijiti! Nimevunja chupa ya soda nikaanza kuukwangua tumboni, upande unaonitazama nikivuta. Kidogo tu. Ni mti wa mkole, nje mweusi kwa moshi na mafuta ya miaka, ndani mweupe kabisa. Unatoka unga mwembamba. Nakwangua, navuta. Bado mgumu. Nakwangua tena. Baba aliuchonga kwa mikono yake, lakini mimi hakunifundisha kuchonga, alinifundisha kupiga tu.

Nimepaka masizi na samli. Hapaonekani kitu.

Bernadeta aliporudi alifagia ule unga uani. Hakuuliza. Bora angeuliza.

Jumatano, 3 Juni

Unavutika! Hadi shavuni. Nimepiga shina la mgomba nyuma ya banda, mshale wa kwanza ukazama, wa pili ukakaa jirani yake. Bega linauma lakini linafika. Nimepiga mpaka Bernadeta akachoka kuniita chai. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Na kosa langu ni lipi? Mti ni uleule, kano ni ileile. Kwenye masharti hakuna mahali palipotaja unene. Najua, nimeyaandika mimi.

Ijumaa, 5 Juni

Ng'washi kaja buchani. Nikadhani anataka maini, maana ndiyo hununua. Anataka kano ya mgongo. Nikamwambia bomba halitageuka mti hata alifunge kano tupu. Akasema si ya mashindano, uzi wake wa nyavu umekatika na nguruwe pori wameingia kwenye viazi. Kibali cha kijiji anacho, kama wenye mashamba wengine kule. Juzi alimpiga mmoja, hakufa palepale. Akamfuata kwenye matete mpaka jua likaelekea kuzama, peke yake, kwa sababu uliyemtia mshale humwachi akahangaika huko porini. Alivyosema ni kama anaeleza namna ya kuosha mchele.

Halafu akanitazama. "Na wewe, Baba Mihayo, kwa upinde wako umewahi kumfuata nani?"

Wateja walikuwepo. Walisikia wote. Nikakata kano, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa. Akasema tena, wala si kwa ukali, kwamba wangu unakaa ukutani na wake unaingia shambani kila siku, basi nimweleze vizuri wa asili ni upi. Nikamwambia atupishe, kuna foleni.

Baba aliwinda, enzi pori lilikuwepo. Mimi upinde huu umeniulia migomba. Ng'ombe wangu wote wamekufa kwa kisu. Nimeshinda na hasira, na hata sasa ninayo, ndiyo maana nimeandika mengi. Yule mama ana mdomo. 

Jumapili, 7 Juni

Tak. Sauti ndogo tu.

Nikadhani ni kano. Kumbe kano ni nzima. Ni mti. Ufa mwembamba mgongoni mwa upinde, juu kidogo ya pa kushikia, mkabala na pale nilipokwangua zaidi. Nilikaa chini nyuma ya banda nao mapajani. Nimelia, basi. Nimelia kuliko siku ya mazishi ya baba, maana siku ile nilikuwa na watu wa kuwahudumia.

Jioni nimeufunga. Kano mbichi, nimeizungushia pale kwenye ufa, nimeibana kwa meno, masizi juu. Ikikauka inakaza sana. Akiuliza mtu nitasema ni pambo. Sitauvuta tena mpaka siku yenyewe.

Jumanne, 9 Juni

Mwanangu Mihayo kapiga simu kutoka Geita. Kaomba ruhusa kazini, anakuja Jumamosi kwenye mashindano. Nikamwambia asijisumbue. Akacheka, kwamba siku hizi pale Busisi ni kupita darajani tu, kusinzia foleni ya kivuko kumekwisha, atafika supu ikiwa bado jikoni. Anataka kunishikia mishale.

Kwetu ndivyo ilivyo. Baba anapiga, mwana anasimama kushoto kwake, karibu kabisa, anampa mshale mmoja mmoja. Mimi nilisimama pale kwa baba, nilikuwa nasikia pumzi yake akivuta. Nikamwambia Mihayo safari hii si lazima. Akasema, "Baba, si ndiyo asili yetu? Maneno yako ya kikaoni yamefika mpaka huku."

Upinde ukivunjika mkononi vipande huruka. Kuna mzee wa Magu aliyekuwa akija kununua kwato, ana jicho moja. Nilipomuuliza alisema ni upinde wa kaka yake.

Kano itashika. Nimeifunga vizuri.

Jumatano, 10 Juni

Mzee Maige kapita buchani. Mkaguzi hawezi kujikagua, anasema. Wangu utakaguliwa na Ng'washi kwa kuwa yeye hashindani tena. Nikasema ni sawa kabisa. Sawa! Sikula mchana.

Ijumaa, 12 Juni

Bernadeta kauliza hatimaye. Si kuhusu unga. Kauliza kama naumwa. Nikasema bega. Akasema basi usipige. Nikamjibu vibaya.

Jumamosi, 13 Juni

Naandika uwanjani, nimejibanza nyuma ya turubai la wazee. Afadhali mikono ishike kalamu.

Wa ng'ambo wamekuja basi zima, na ngoma zao. Nimekagua pinde tangu asubuhi. Mtu wao mmoja nimemtoa kwa nailoni. Akaniuliza kwa upole, Mzee, sasa nirudi tu? Nikasema ndiyo. Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Kisha zamu yangu. Ng'washi aliushika kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba tumboni, polepole, akakirudisha. Akafika kwenye kano. "Hapa umefunga nini?" Pambo, nikasema. Akaukandamiza kidogo gotini, akainamisha sikio. Alisikia ufa ukilia. Na mimi nilisikia.

"Vipi?" akauliza Mzee Maige.

"Mti upo. Kano ipo. Manyoya yapo. Kwa masharti yenu, huu ni wa asili."

Akanirudishia. Alipokuwa anapita akaniambia kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, nisiuvute. Akaenda kukaa na wanawake wenzake.

Kwa nini hakunikataa? Angenikataa ningepiga kelele kidogo, ningerudi nyumbani nimeonewa, na jina langu zima. Sasa hakuna wa kunizuia isipokuwa mimi. Kusema ni neno moja tu, kwamba umepasuka. Wataniuliza umepasukaje. Watabandua kano, wataona weupe wa chupa, mbele ya wa ng'ambo, mbele ya yule niliyemtoa kwa uzi. Mbele ya Mihayo.

Nikinyamaza, ni mshale mmoja. Mmoja tu wa kufungua, kisha naweza kusema bega. Kano imekauka. Labda itashika. Mkole ni mti mgumu.

Mzee Maige ametaja jina la baba, sasa anataja langu. Makofi. Mihayo amekwishasimama pale kushoto, karibu kabisa na alama, shati lake jeupe, mishale mkononi. Ana uso wa mama yake akifurahi. Nimemwendea nikamwambia asogee nyuma. Akasogea hatua. Nikamwambia zaidi, aende kule kwa mama yake kabisa, mishale aiache chini. Nimerudi huku kuchukua upinde.

Hakwenda. Amenifuata hapa nyuma ya turubai. Amesimama mbele yangu na mishale yake, anauliza kwa nini.