Baraka Isiyo na Mkalimani

Jumatatu, 12 Juni

Naanza tena. Mara ya nne hii. Mara ya kwanza ilikuwa kwa kaseti, mwaka tulipofika Lublin. Redio ikaitafuna kaseti. Mara ya pili kwa kitabu cha watalii — nikajua kuomba chumba kinachotazama bahari, mimi ambaye sijalala hotelini hata siku moja. Mara ya tatu darasa la jioni. Nilienda siku mbili, nikaona aibu, nikabwaga manyanga. Miaka ishirini na mitatu niko nchi hii na Kipolandi changu ni cha cherehani tu: fupisha, punguza, panua, zipu, Alhamisi, asante. Kwa hicho nimekula na nimelea. Lakini hakitoshi kuoza binti.

Maana Diễm anaolewa! Septemba, tarehe kumi na sita. Na Hubert, yule mrefu anayeinama kila mlango, hata usiomgusa. Jana mama yake Hubert, Bi Bożena, alikuja kutoka kijijini na mayai thelathini na mitungi mitatu ya jemu. Akaeleza utaratibu wao, Diễm akitafsiri kama kawaida. Kabla ya kwenda kanisani, watu hukutana nyumbani kwa bibi harusi. Maharusi wanapiga magoti mbele ya wazazi. Wazazi wanatamka baraka, mmoja mmoja, watu wote wakisikia. Nyumbani kwa bibi harusi — yaani hapa kwangu, ghorofa ya nne. Na wa kuanza ni mzazi wa bibi harusi. Yaani mimi.

Nilifurahi kusikia kwamba nao hupiga magoti. Nilidhani ni sisi Wavietnam tu. Miaka yote hii ninawapima viuno na sikuwa najua hilo.

Diễm akasema nisijali, atanitafsiria. Sote tukaitikia kwa kichwa. Wageni wameondoka, niko naosha vikombe, ndipo ikanijia: atatafsirije baraka yake mwenyewe, tena akiwa amepiga magoti?

Jumatano, 14 Juni

Nimeazima kitabu cha darasa la kwanza, maktaba ya mtaa. Msimamizi alidhani ni cha mjukuu. Nikamwacha adhani.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kufungua duka. Chai, kitabu, kioo cha wateja mbele yangu nione mdomo unakaaje. Herufi zao zimebanana kama meno ya zipu. Lakini wasikilize wanavyosema! Hakuna kinachokwama. Mtoto wa miaka mitatu anapita dirishani analia kwa Kipolandi safi kabisa. Nimemwonea wivu.

Diễm sitamwambia. Akijua atashika usukani, na mimi nitarudi kiti cha nyuma.

Jumapili, 25 Juni

Kitabu cha watoto kina paka, mpira, bibi, kikapu. Siwezi kumbariki mtu kwa kikapu.

Nimepata kitabu kingine na ni cha bure. Pale kwenye lango la jengo letu hubandikwa karatasi zenye mstari mweusi pembeni. Herufi kubwa, hata miwani sihitaji. Maneno ni ya heshima, ya polepole, yenye upendo mwingi. Kila wiki karatasi mpya. Nanakili mistari miwili kila nikitoka kununua mkate. Najua ni za watu waliofariki, si mjinga. Lakini upendo ni upendo. Nimechagua mistari mizuri tu, nimeacha majina na saa ya maziko.

Kumi na minne nimeshaikariri.

Alhamisi, 13 Julai

Leo nimechekesha mtu karibu nimuue.

Bi Genowefa alikuja na suruali za mumewe. Kila mwaka nazipunguza, mzee anazidi kukonda. Ni mama mwenye miaka sabini na mitano, aliendesha tramu mji mwingine kabla ya kuhamia huku, na anasema na kila mtu kana kwamba amepanda bila tiketi. Nikajikaza. Nikamwomba asikilize baraka yangu. Nikasimama wima, mikono mbele, nikaimwaga yote.

Akaweka mkoba chini. Akafanya ishara ya msalaba. Akauliza nani amefariki.

Nikamwambia hakuna, ni harusi ya binti. Basi! Alicheka hadi akakalia meza ya pasi. Akanieleza taratibu, kwa mikono na kwa maneno madogo madogo, kwamba nimewatangazia wageni wote kuwa maharusi wamelala katika amani ya Mungu baada ya kuugua kwa muda mrefu, nao hawatasahaulika kamwe.

"Lakini kosa hata moja hakuna, Hania," akasema huku anafuta macho. "Umewazika vizuri sana."

Hania ndiye mimi. Jina langu, Hạnh, linawashinda.

Nilitaka kulia, nikacheka. Kisha akawa mtu mwingine, akanishika mkono. Akasema baraka haisomwi popote. Siku yake, mama yake aliyekuwa akikamua ng'ombe wa watu alimwambia maneno matatu tu, akarudi kwenye sufuria. Nikamwuliza yapi.

"Ukichoka, rudi nyumbani."

Akasema alichoka mara nyingi na hakurudi hata mara moja, kwa sababu alijua mlango uko wazi. Nimeelewa sentensi yote. Sikuomba arudie.

Kipolandi gani hiki! Maneno matatu na mwanamke amesimama nayo miaka hamsini.

Ijumaa, 28 Julai

Nitaandika polepole.

Leo asubuhi nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha Diễm, kinatakiwa kwa padri. Chini kabisa ya droo kuna bahasha ya hospitali, ya baba yake, Tuấn. Sijaigusa tangu mwaka aliofariki. Ilikuwa Kipolandi kitupu, ningeigusa kwa nini? Leo nikaitoa. Nikajisemea, wewe si mwanafunzi? Soma.

Nilichukua kamusi. Duka nimefungua saa sita mchana. Mengi ni ya kidaktari, yamenipita. Lakini karatasi ya mwisho ina mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono, na huo nimeusoma mwenyewe, neno kwa neno, mara nne:

Tarehe 3 Machi familia imearifiwa, kupitia binti, kwamba hakuna matumaini ya kupona.

Tuấn alifariki tarehe tisa.

Nakumbuka tarehe tatu. Ukumbi wa hospitali, viti vya plastiki. Daktari aliuliza kama hakuna mtu mzima anayejua lugha. Diễm, miaka tisa, begi la shule mgongoni, akajibu kwamba anayesema ni yeye. Daktari akachutama mbele yake, akasema maneno marefu. Diễm akanigeukia.

"Anasema baba anahitaji supu, mama."

Nikapika supu. Siku sita. Mifupa jikoni tangu alfajiri, tangawizi, tambi pembeni. Diễm ndiye aliyebeba chupa ya supu ya moto kwa mikono miwili kwenye basi, isimwagike. Na alikuwa anajua. Siku zote sita anajua, ananiuliza kama nimeweka chumvi.

Miaka kumi na minane nina kinyongo na yule daktari. Nikisema hakutuambia. Kumbe alituambia.

Jioni, duka nimeshafunga, Bi Genowefa amegonga dirisha. Sikumfungulia.

Jumamosi, 29 Julai

Diễm amekuja kula. Nimemtazama tu. Akaniuliza nina nini, nikasema macho, cherehani. Amemaliza bakuli mbili, akaosha vyombo vyote, akafukizia baba yake udi, akaondoka.

Sikuweza kumwuliza. Mtoto wa miaka tisa! Mimi mtu mzima nisingeweza siku moja.

Jumanne, 15 Agosti

Sikukuu, hakuna kazi. Tumekwenda kijijini kwa Bi Bożena. Wanawake wote kanisani wameshika mashada — majani ya dawa, masuke ya ngano, maua ya bustanini, hata karoti na majani yake — kubarikiwa na padri. Bi Bożena alinifungia langu mwenyewe. Vidole vyake ni vinene na vinafunga fundo nisiloweza hata mimi fundi. Ni mwanamke wa kufaa huyu. Hanyamazi, lakini kila anachosema kinaishia kwenye sahani ya mtu.

Mezani, tukiwa na padri, Bi Bożena akaanza habari ya baraka. Nilikuwa nasikiliza sura yake, kama zamani, halafu nikagundua nasikiliza maneno! Alisema: Bi Hania asihangaike, maskini, mbele za watu wote lugha itamtia aibu, mimi nitatamka kwa ajili yetu sote wawili, yeye aweke mkono tu kichwani. Alisema kwa upole. Hakuwa na ubaya wowote.

Diễm akanigeukia, akatafsiri: "Anasema siku hiyo mtasaidiana."

Nikamtazama mwanangu. Ndiyo maana. Ndiyo maana Wapolandi wote walikuwa wapole kwangu miaka yote! Mwenye nyumba, mtu wa kodi, mwalimu wa shule. Amekuwa akinipunguzia maneno yao kabla ya kunipa, kama ninavyopunguza mimi nguo za watu, nisipate kujikwaa.

Nikamgeukia Bi Bożena, nikasema kwa Kipolandi: "Asante, Bi Bożena. Nitasema mwenyewe."

Hubert akaacha kutafuna. Bi Bożena akainuka, nikadhani nimemkosea, kumbe anakuja kunibusu, shavu hili, lile, tena hili. Kisha keki kwenye sahani yangu, kipande kikubwa kuliko cha padri.

Garini Diễm akauliza maneno yale nimeyatoa wapi. Dukani, nikasema. Akatazama barabara tu hadi Lublin. Nilidhani atafurahi. Alionekana kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa na mwingine.

Jumanne, 12 Septemba

Diễm amekuja kujaribu gauni. Nimelishona mwenyewe, na sitajisifu, litasifiwa. Nikiwa chini napachika pini kwenye upindo, nikasema nijaribu sentensi moja, ya kwanza tu, nione kama ulimi utanitii mbele yake.

Nikaanza. Nikafika katikati. Neno likanikimbia. Na kabla sijavuta pumzi, Diễm alikuwa ameimalizia sentensi, vizuri, kwa sauti ya upole, bila hata kuondoa macho kwenye kioo. Sidhani alijua kwamba amefanya hivyo.

Hicho ndicho ninachokiogopa. Wageni siwaogopi. Nikikwama nusu sekunde tu, atanimalizia.

Alhamisi, 14 Septemba

Bi Genowefa amenisikiliza mara ya mwisho. Mbele ya foleni yote ya wateja! Mwanamume mmoja alikuja kuchukua koti, akabaki amevua kofia hadi mwisho. Amesema matamshi yangu yana vumbi kidogo lakini maana imefika.

Ni sentensi sita. Sikuiba popote. Ya hospitali sijaiweka, hayo si ya wageni. Nina udi wa kumwashia Tuấn, wao wana maji ya baraka na msalaba kwenye kitambaa cheupe. Meza moja inatosha vyote, nimepima.

Jumamosi, 16 Septemba

Chumba cha kushonea. Mlango nimeurudishia. Dakika chache tu.

Sebuleni hakuna pa kuweka mguu. Wajomba wa Hubert wamejaa hadi jikoni, wanakula maandazi yangu ya mvuke na kuuliza yanaitwaje, na mimi nawajibu mwenyewe. Bi Bożena amevaa bluu. Amelia tayari na hakuna kilichoanza. Bwana harusi bado yuko chini: majirani wa ghorofa ya kwanza wamefunga kamba mlangoni na hawamwachii apite mpaka atoe chupa ya pombe. Kodiani inapigwa. Jengo zima liko kwenye ngazi. Watu hawa wanajua kufurahi, lazima niseme.

Diễm ameingia hapa sasa hivi. Gauni lile! Nilisimama nikashindwa hata kumgusa. Akafunga mlango kwa kisigino. Akasema, kwa Kivietnam, haraka haraka, kwamba ameshafikiria. Nisijitese na Kipolandi mbele za watu. Niseme kwa lugha yetu, kipande kipande, naye pale pale chini, akiwa amepiga magoti, atawageuzia wageni.

Nikamwambia bibi harusi hatafsiri baraka yake.

"Haidhuru, mama," akasema. "Nimezoea."

Na akatabasamu, akanirekebishia kola, akatoka.

Nimezoea. Amesema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja kazi yake. Naandika mbio, mwandiko huu sijui nitausoma vipi kesho.

Kodiani imefika ghorofa ya tatu. Ya pili kutoka mwisho. Sasa nasikia miguu ya Hubert. Bi Bożena ananiita, Hania, Hania, njoo.

Zile sentensi sita zimeniruka zote. Nimebaki na ya saba, ambayo sikuifanyia mazoezi na Bi Genowefa wala mtu yeyote, na ndiyo nitakayoanza nayo, kwa Kipolandi, mbele yao wote, kabla Diễm hajafungua mdomo: Nyamaza, mwanangu. Leo wewe sikiliza tu.

Wamegonga.