Kimya cha Rasha

Jumanne, 1 Machi 2005

Sijamwambia mtu. Mimi ndiye niliyemfundisha Rasha, mtoto wa Ami Amjad, kupiga simu kwa kompyuta kutoka Maskati. Kule ni marufuku. Ukijaribu, linakuja tangazo: imezuiwa. Nikampa njia ya kuzunguka kupitia nchi nyingine. Nilionyeshwa na mtalii wa Kichina hapa intaneti kafe, ninapofanya kazi tangu nimalize skuli. Anasema kwao hata habari za kwao wenyewe huzisoma kwa mlango wa nyuma.

Na laini ya intaneti ya nyumbani kwao ina jina la Ami. Ikijulikana, atashikwa yeye.

Jumatano, 2 Machi

Hata huku! Bosi wangu, Tamim, kaniamuru nifunge kurasa zote za siasa. Uchaguzi unakuja, hataki maneno dukani kwake. Nani kamwambia? Hakuna! Kaogopa mwenyewe, mapema. Mzee Muhiddin, mteja wetu wa kila siku, kaja kusoma habari zake, hazifunguki. Kanitazama mimi. "Na wewe mwanangu, ushakuwa serikali?" Nikasema mtandao mbovu. Uongo mtupu.

Alhamisi, 3 Machi

Barua pepe ya Rasha. Kaposwa na mtu anaitwa Khelef, hamtaki. Jibu linatakiwa wiki ijayo. Ami humsikiliza mtu mmoja tu duniani: mama yake, yaani Bibi yetu. Lakini simu ya nyumbani kwao iko ukumbini, mbele ya Ami. Atasemaje?

Nikamsomea Bibi ile barua. Kaikataa! Ati maandishi aweza kuandika yeyote, jibu la posa husikiwa kwa mdomo wa mwari mwenyewe. Haya. Kesho nampeleka kafe.

Ijumaa, 4 Machi

Ya Rabbi, salamu! Njia ile haikai, hushtukiwa ikafungwa. Nilimwambia Bibi aulize mara moja. Wapi!

"Hujambo, mwanangu? Wakubwa hawajambo? Bi Shemsa anakusalimu. Mwanakheir anakusalimu. Mbuzi wetu kazaa."

Mbuzi! Kafe nzima inacheka, mimi sina pa kujificha. Mwisho ndipo alipouliza: "Haya niambie, Khelef unamtaka?"

Kimya. Laini ishakatika.

Bibi kavua visikilizio, machozi yanamlenga kwa furaha. "Kaona haya. Mwari akinyamaza keshakubali."

"Bibi, imekatwa!"

"Nani aikate? Ina mkasi hii? Hata mimi niliulizwa, nikanyamaza."

Jumapili, 6 Machi

Rasha kaandika. Alisema hapana. Alipiga kelele hapana mpaka paka kakimbia. Anauliza: mlinisikia?

Nimejaribu njia ile tangu asubuhi. Imekufa. Na Bibi keshanunua udi! Sasa anataka kwenda kwa jirani yetu Bi Shemsa, kwenye simu, ampe Ami habari njema.

Nimemwambia tena imekatwa. Nikasema serikali ya kule ndiyo iliyokata. Kacheka mpaka kapaliwa. "Serikali ya Maskati ina kazi gani na posa ya Rasha?"

Ili aamini inabidi nimweleze yote. Na Bibi hajui kuweka neno — Ami atalipata leo leo, na atamjua pia aliyemfundisha binti yake. Nisipomweleza, Rasha anaolewa.

Anatafuta buibui lake. Nalisikia kabati linafunguliwa. Buibui limo humu chumbani mwangu, nimelikalia. Ananiita.

Tafadhali, shajara, mtu asijue kwamba nimekalia buibui la bibi yangu badala ya kufungua mdomo. Ananiita tena. Yuko mlangoni —