Wafalme Watatu na Kaka Mmoja

Jumamosi, Desemba 1936

Ufipa nzima hakuna kichwa kama changu. Hata bwana shauri, yule Mwingereza wa wilaya, angeniuliza habari za dunia kabla hajanywa chai! Leo nimewasomea wazee gazeti barazani kwa Mzee Sefu mwenye duka. Mwaka mmoja, Uingereza imepata wafalme watatu: wa kwanza kafa, wa pili kaacha kiti kwa ajili ya mwanamke, sasa kakikalia mdogo wake.

"Unatunga wewe," akasema Mzee Sefu.

"Nasoma tu, babu. Sikumwoza mfalme mimi."

Mwenyewe sielewi. Uhabeshi imetekwa, Wahispania wanauana wao kwa wao, na kwa nini, sijui.

Wazee walipocheka nikanogewa. Nikaongeza kwamba vita inakuja huku, wapagazi watachukuliwa tena, kama baba alivyochukuliwa wakati wa vita ya Mjerumani na hakurudi.

Kaka Yosefu alikuwa nyuma yangu, amebeba chumvi ya mama. Yeye hakucheka.

Jioni tumekuta jembe lake limelala kwenye matuta. Watu wamemwona njia ya Matai, anakimbilia Rodeshia.

Mama ananiuliza gazeti limesema nini hasa kuhusu wapagazi. Sijamwambia kwamba halikusema kitu.