Skrubu Yenye Rangi Nyekundu

Jumamosi, mwisho wa mwezi. Tumetoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na matope hadi magotini, kisha jua likawaka kana kwamba mvua ya jana halikuiona. Nimefungua gereji yangu hapa Gikondo, Kigali, saa tano na nusu, moyo mzito.

Leo pikapu ya Mama Divine ilikuwa iuzwe.

Ndiyo inayobeba maziwa yake kila asubuhi tangu mumewe afariki. Na mimi ndiye niliyemwambia aiuze. Miezi mitatu iliyopita ilikuwa inazima kila akisimama kwenye taa. Nikapandisha ralanti, yaani ule mwendo wa injini wakati hujakanyaga mafuta. Ikaacha kuzima, ikaanza wazimu mwingine: inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena, na kwenye mteremko inasukuma badala ya kushika. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha filta, nikachoka. Nikamwambia, "Mama, injini imezeeka." Akapata mtu wa kuikata vipande, aje saa tisa.

Sikutaka iondoke ikihema mbele ya mgeni. Nikamwita Hamadi, fundi wa umeme wa Nyamirambo, aitulize kidogo tu.

Hamadi akainama na mita yake, akapima ile sensa inayoiambia kompyuta kama umekanyaga mafuta au umeachia. Akacheka.

"Kompyuta inafikiri mguu bado uko juu ya mafuta. Kuna mtu amekaza skrubu ya hapa. Nani huyu mwenye rangi ya kucha?"

Acha niseme ukweli. Kila skrubu ninayoigusa naipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nijue kama fundi mwingine ameingilia kazi yangu. Miaka yote nimejivunia hilo.

Ilikuwa yangu.

Mimi nilijifunzia kwenye kabureta, injini za zamani zisizo na kompyuta. Huko unazungusha skrubu, unatega sikio, basi. Injini hii ya sensa nikaifanyia vilevile, kwa sababu naona haya kuuliza. Kumbe ilikuwa inazima kwa masizi tu, yamejaa kwenye koo la kuingizia hewa. Tumelisafisha. Hamadi akarudisha skrubu mahali pake, akalegeza sensa, akapitisha kibati chembamba cha kupimia, akaisogeza kidogo kidogo mpaka mita ikakubali. Mwisho akarekebisha ralanti kwenye skrubu yake halisi, ile ya hewa. Niliweka kikombe juu ya boneti. Chai haikutikisika.

Saa nane na nusu. Ningeweza kunyamaza, gari liende, na Hamadi asingesema neno. Nilishika rozari mfukoni, nikajua kabisa kwamba siombi, najificha.

Mama Divine akafika na karatasi za gari kwenye bahasha. Nikamwambia yote.

"Papa Aline! Umeua gari yangu, kisha ukakuja kunipa pole ya msiba?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kanisani ni wewe unasoma somo la kwanza!"

Hamadi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mama akachukua ufunguo, akateremka na pikapu hadi chini kabisa, akarudi. Hakuzima. Alikaa ndani, mikono juu ya usukani, akisikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Iko inashika mteremko," akasema. "Iko mzima." Kisha akajifuta na kitenge. "Huyo mnunuzi utampigia wewe. Na umwambie sababu. Usiseme Mama amebadilisha mawazo."

Nimempigia. Amecheka mpaka akakata simu.

Sasa ni jioni na nina amani nisiyostahili. Miezi mitatu mama huyu ameshuka milima ya Kigali akisukumwa na kiburi changu, na kila siku Mungu amemrudisha nyumbani. Nikilifikiria hilo, aibu ya leo naiona ndogo sana. Asante, Bwana, umenikamata mchana, mbele ya watu wenye huruma.

Kuomba msamaha nimeomba. Lakini Mama Divine si mteja wangu pekee, na magari ya kabureta yamebaki mangapi?

Jumatatu naenda Nyamirambo, Hamadi anifundishe kusoma mita. Nina miaka hamsini na miwili. Nitabeba daftari.