Mke Wangu Ametangazwa Kanisani

Kijiji Kipya, Butiama,
kwa Posta ya Musoma,
15 Septemba 1975.

Mpendwa mdogo wangu Eliasi,

Pokea salamu za dada yako. Huko Tanga mko wazima? Kifua chako kimeachana na vumbi la mkonge? Sisi wazima, mihogo ipo, mvua bado.

Unajua kwamba mume wangu alipofariki bila mtoto, nilimwoa Wankyo kwa ng'ombe wa nyumba ile, kwa desturi yetu ya nyumba ntobhu, ili azae kwa jina la marehemu. Amezaa wawili na Mniko, mvuvi wa Murangi, na hakuna aliyeuliza kitu. Sasa tumehamishiwa huku, makanisa matatu yamepangwa mstari mmoja kama maduka, na Wankyo, aliyebatizwa utotoni, anataka kufunga ndoa na Mniko kwa padri.

Nikaona nijue sheria kabla hazijanikuta.

Padri alifungua kitabu kinene. Mwanamume mwenye wake wawili yumo, tena kurasa nyingi. Mwanamke mwenye mke mmoja hayumo. "Basi, mama, wewe hukuoa. Wankyo ni huru." Mchungaji wa Wamenonaiti alisema nilioa kweli, na ndiyo dhambi yenyewe: nimwache kwanza, ndipo nibatizwe. Mzee Kwangu wa Wasabato alifikiri sana, akasema nikae na Wankyo kama binti yangu, ila Jumamosi tusilime. Nikamwambia shamba la ujamaa linalimwa Jumamosi. Akaguna.

Kwa hiyo kwa mmoja sikuoa, kwa wa pili nilioa vibaya, kwa wa tatu nilizaa.

Wazee wa ukoo wa marehemu hawana kitabu. "Akiondoka na watoto, jina la mumeo limekufa, na aliyeliua ni wewe."

Wankyo hakunificha. Alipiga magoti jikoni: "Mama, nikizeekea hapa, mimi ni nani?" Nikamwambia achochee moto. Nikisema ni mke wangu, namfunga yeye. Nikinyamaza, namzika mume wangu mara ya pili.

Kwa Wakatoliki ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na anayejua kizuizi aseme. Jana ilikuwa ya tatu. Katekista Bernado akasoma majina, akauliza, akangoja. Eliasi, nilijikuta nimeshasimama. Kanisa zima likanigeukia. Wankyo alikuwa amemkumbatia mtoto kama mtu anayevuka mto.

"Mama, una kizuizi?"

"Hapana, Bernado. Benchi lenu linaumiza mgongo."

Watu wakacheka, hata Mniko. Nikakaa. Kwa maneno hayo nimetoa mke, watoto wote wawili na jina la marehemu. Wazee wanakuja kesho, na hao sidhani kama watacheka habari za benchi.

Msalimie wifi yangu Hyasinta na watoto. Nilikuwaga naandika hapa, "mke wangu anakusalimu." Leo nimekaa na kalamu mpaka chai imepoa. Wankyo anakusalimu.

Mungu, wa kanisa lolote, akutunze.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Boke