Hatoki Mtu Kabla ya Kubomoa Matuta

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hukunilea nianze kusema na mkubwa kabla ya kumsalimu, na kufa kwako hakujanipa ruhusa ya kukosa adabu. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua baridi ikizidi, na bado anakataa kuvaa soksi. Barua hii naiandika wazi, wanakikundi na majirani waisome wakitaka, kwa sababu nilichokosea nilikikosea mbele yao.

Nianze na habari za redio, maana ndizo ungeniuliza kwanza. Redio yako ipo. Nimeifunga mpira pale kifuniko cha betri kilipovunjika, na kila jioni inanguruma palepale dirishani. Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wamegombana na jirani yao, na ugomvi umeingia hadi ndani ya Jumuiya. Mmoja anasema hawezi kukaa meza moja na mwenzake. Mwingine ametangaza kujitoa katika umoja mwingine waliokuwamo wote wawili, anadai amenyimwa zamu yake ya uenyekiti. Majina ya nchi siyataji, nafuata kanuni yako. Ulikuwa ukisema, "Usiitaje nchi ya mtu kwa ubaya naye amekaa hapo, utakuwa umemtajia mama yake." Kwa hiyo wote uliwaita majirani, hata wale waliokuudhi.

Unaikumbuka siku nchi ya Mama Riziki ilipopokewa kwenye Jumuiya? Alikuja kwetu mbio, mikono imejaa unga wa ulezi. Alikuwa amevuka ziwa akiwa bibi harusi, akazaa hapa kwetu Izia, akazika mume Izia, na bado watu walimwita mgeni. Alisimama mlangoni akasema, "Leo na miye niko mwenyeji." Mzee Ezekieli alikuwapo. Wazazi wake walitoka nchi ile nyingine inayogombana na ya Mama Riziki, yeye akazaliwa Kate, hukuhuku Ufipa. Alimpa mkono, akamwambia, "Karibu Jumuiya, dada. Sisi tuliingia zamani, kwa hiyo kuanzia leo utatuamkia." Mama Riziki alicheka hadi akakaa chini.

Wewe hukucheka sana. Ulipunguza sauti ya redio ukauliza, "Wamesema siku ya kutoka ni lini?"

Nilikasirika. Nilikwambia watu ndio kwanza wanaingia, wewe unawaulizia kutoka, huo ni uchuro. Ukanijibu kwamba kuingia hakujawahi kumshinda mtu.

Tulijua ulikolitoa swali hilo. Ulikuwa kijana, kibarua wa reli kule Tabora, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Ulitusimulia mara nyingi hadi tukawa tunakumalizia sentensi. Asubuhi moja mliambiwa kwamba karakana sasa ni ya nchi moja tu, na wa nchi nyingine warudi kwao. Fundi aliyekufundisha kushika nyundo akaondoka na sanduku moja. Chai yake ilibaki mezani, hakuigusa, nawe ukakaa unaitazama hadi ikapoa. Hukumwona tena maisha yako yote. "Walitoka na hasira zao," ulikuwa unamalizia, "hawakungoja kubomoa matuta."

Kwa msomaji ambaye si wa huku, nieleze kidogo, baba, unisamehe. Sisi Ufipa mvua zikikaribia mwisho tunazilima nyasi, tunazikusanya na kuzifunika udongo, yanakuwa matuta ya duara. Ndiyo ntumba. Juu yake tunapanda maharage, na ndani nyasi zinaoza taratibu. Mwaka unaofuata mvua zikianza, mwezi wa Novemba hivi, tunayabomoa, tunausambaza udongo ule mweusi na kupanda ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Ndiyo maana ulianzisha kikundi cha kaya sita, tunainua matuta shamba kwa shamba, kwa zamu.

Na ulikipa sheria moja tu. Ulisema kwa Kifipa, nami nikiiandika kwa Kiswahili inapungua ladha: anayetaka kutoka atoke, ila angoje siku ya kubomoa matuta. Ulisema kila shamba lina nyasi zilizofukiwa na mikono ya wote, na mtu haondoki akaacha mikono yake chini ya udongo wa mwenzake.

Mzee Ezekieli ndiye aliyeijaribu kwanza. Mbuzi wa Mama Riziki walikula maharage yake, akaja kwako amefura, hataki kikundi tena. Hukumbembeleza. Ulimwambia, "Sawa. Novemba." Novemba ilipofika alikuwa wa kwanza kufika shambani, jembe begani. Ukamsimamisha mbele yetu wote. "Ezekieli, leo ndiyo siku yako ya kutoka." Akakutazama kwa mshangao wa kweli. "Kutoka wapi?" Kwa wiki nzima salamu ya Izia ilikuwa hiyo. Mtu akikupita anakuuliza, "Kutoka wapi?"

Sasa ninakuja kwenye kosa langu.

Ilikuwa Machi mwaka huu. Tulikuwa shamba la Mzee Ezekieli, zamu ya tano, limebaki la Mama Riziki tu. Siku tatu kabla, Mama Riziki alikuwa amepata habari kwamba mji anakoishi mdogo wake umekimbiwa na mdogo wake hajulikani alipo. Hata hivyo alikuja. Alilima tangu alfajiri. Tulipopumzika, mmoja wetu akafungua taarifa ya habari kwenye simu, zikasomwa zile shutuma za nchi hizi mbili, nani kamvamia nani, nani hataki kukaa na nani. Mama Riziki akaliweka jembe chini.

"Miye siwezi kuinua tuta ya huyu mtu."

"Riziki, mimi nimezaliwa Kate," Mzee Ezekieli akasema. "Nchi hiyo hata sijawahi kuiona."

"Akibaki yeye, miye niko natoka."

Mzee akauliza taratibu, "Basi mnataka nitoke mimi?"

Wote wakanigeukia. Baba, kiti ulichoniachia si cha kukalia. Nilikuwa na njaa, kule mjini kwenye cherehani kulikuwa na magauni ya harusi yananingoja, na jua lilikuwa limeshaniingia kichwani. Nikasema, "Anayetaka kutoka atoke. Hapa hatumfungi mtu kamba."

Mama Riziki akachukua jembe lake akaondoka. Nilimtazama hadi akavuka kijito, na nikwambie ukweli, nilijisikia nafuu. Nilijiona mwenyekiti mwenye maamuzi. Nafuu hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko maneno yenyewe.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yake. Festo, yule kijana aliyerithi nafasi ya baba yake kikundini, akasema, "Si ametoka mwenyewe? Poa tu, mwenyekiti, zamu yake tunairuka." Hakuna aliyempinga. Mimi pia nilinyamaza, nikaenda zangu kushona.

Jioni hiyo redio ikasoma tena habari za yule jirani na zamu yake ya uenyekiti. Mimi na ujuaji wangu, nimekaa na bakuli la ugali mbele yangu, nikasema kwa sauti, "Sasa hawa wakubwa, zamu ya mtu mnairukaje?"

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Na ya Riziki?"

Ugali ulinishinda, baba. Asubuhi nilipita shambani kwake. Nyasi zilinifika kiunoni na udongo ulikuwa umeanza kuwa mgumu, mvua mbili tatu zaidi na msimu umekwisha. Kisha nikapita kwetu. Matuta aliyoyainua Mama Riziki nayatambua bila kuambiwa, maana kila akimaliza tuta hulipiga kwa mgongo wa jembe mara mbili juu, udongo usimomonyoke. Yamejaa shambani kwetu. Maharage yetu yameota juu ya mikono yake, na yeye hana hata tuta moja. Nilisimama pale nikalia kidogo, halafu nikaacha, maana kulia hakulimi.

Jumapili baada ya misa niliwakusanya nje ya kanisa. Niliwaambia, "Nimekosea. Sheria ya kikundi hiki mnaijua, na mimi sina mamlaka ya kumtoa mtu mwezi wa Machi."

"Lakini dada, alitaka mwenyewe," Festo akasema.

"Alitaka Machi. Tumwulize Novemba."

Mwingine akasema tusijiingize katika mambo ya mataifa, sisi ni wakulima tu. Nikamjibu kwamba mataifa yameshajiingiza katika matuta yetu, na kama wakubwa wameshindwa kuvumiliana hadi mwisho wa msimu hiyo ni shida yao, hatuwezi kuwaiga tukala hasara yao. Nikasema kesho alfajiri niko shamba la Mama Riziki, na atakayekuja aje na jembe, si na maoni. Mzee Ezekieli alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu chake kwa kijiti, kisha akaondoka bila kuaga.

Jumatatu nilifika peke yangu. Mama Riziki alikuwa anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Zamu yako."

"Miye nilitoka."

"Hujatoka. Matuta hayajabomolewa, huwezi kutoka."

Aliuegemeza ufagio ukutani. "Na huyu mtu?"

"Na yeye hajatoka."

Hakunifukuza. Alisema tu, "Mdogo wangu bado sijampata," nami nikasema, "Najua, mama." Akaingia ndani, nikadhani ndio basi. Akatoka na jembe.

Tulianza wawili. Jua lilipopanda kidogo wakaja wengine mmoja mmoja, Festo akiwa na kisingizio cha baiskeli iliyopata pancha. Mzee Ezekieli alikuja wa mwisho. Hakutusogelea. Alikwenda moja kwa moja chini kabisa mwa shamba, karibu na kijito, akaanza kuinua matuta yake kuja juu. Mama Riziki alimwona, na akaendelea kulima kwenda chini. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Hakuna aliyeomba radhi pia, na kwa kweli sijui nani angemwomba nani, maana hakuna aliyemkosea mwenzake hapo. Waliokoseana wako mbali na wamevaa tai.

Mchana mistari yao ikakutana. Palibaki nafasi ya tuta moja, na Mzee Ezekieli ndiye aliyekuwa amelianza. Sisi wote tulijifanya tunafunga kamba za viatu. Akalimaliza, akarudi nyuma hatua moja. Mama Riziki akalitazama, akaligeuza jembe lake, akalipiga tuta lile kwa mgongo wa jembe. Mara mbili.

"Ungeliacha hivyo lingemomonyoka," akasema.

"Haya," Mzee akajibu. "Wewe ndiye mjuzi."

Ni hayo tu, baba. Usidhani walikumbatiana. Tulipokuwa tunaosha majembe kijitoni Mama Riziki akaniambia, mbele ya wote na bila kupunguza sauti, "Yustina, Novemba miye niko natoka."

Nikamwambia, "Sawa, mama. Novemba."

Redio bado inasema vilevile. Bado wanatishiana kutoka, na kila mmoja anataka mwenzake ndiye atolewe. Mimi ni fundi cherehani wa Sumbawanga, hakuna mkubwa atakayeniita mezani kwake kuniuliza. Angeniita ningemwuliza swali lako tu, siku ya kutoka ni lini, na nyasi mlizofukia pamoja nani atazisambaza. Ila hapa Izia nimeulizwa, na nimejibu. Sitaruka zamu ya mtu tena, na sitamwachia mtu aondoke nikajisikia nafuu. Hilo nakuahidi wewe na wote wanaosoma.

Maharage yake yameota. Yamechelewa kidogo nyuma ya yetu, ila yana afya. Mdogo wake bado hajapatikana, na Mzee Ezekieli kila jioni anapita kwetu kumwuliza mama kama kuna habari, maana kwa Riziki mwenyewe bado anaona soni.

Novemba nitasimama palepale uliposimama wewe. Nitamwambia mbele ya wote, "Mama Riziki, leo ndiyo siku yako." Akiniuliza kutoka wapi, nitacheka hadi nikae chini. Na akisema anatoka kweli, sitamzuia. Tutasambaza matuta ya mashamba yetu yote sita, yeye akiwamo, kisha nitamkaribisha akae, nimtilie chai, naye hatasimama kabla hajaimaliza.

Pumzika, baba. Redio nitaizima mimi.

Ni mimi mwanao, uliyemwachia jembe na kiti,
Yustina