Vidonge vya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kidole tumbo kilitolewa jana. Leo nimeukagua mshono wangu kwa jicho la fundi cherehani. Daktari anashona vizuri, ila dukani kwangu ningemwambia apunguze uzi.

Sista kanitundikia kachupa ka dawa ya maumivu na homa, inaingia mshipani taratibu. Kwanza kaniuliza kilo zangu, halafu kama ini langu ni zima, kama nimemeza dawa yoyote. Sijameza, nikasema. Ilikuwa kweli.

Jioni kaja mama wa mchumba wangu – peke yake! Mwaka mzima ananiita "fundi" na posa yangu kaikalia kama kuku anayeatamia. Leo kafungua mkoba, katoa karatasi iliyokunjwa, ndani vidonge viwili vyeupe.

"Meza, fundi. Vya homa hivi. Mimi ndivyo vinavyoniponya."

Nani amkatalie? Nimemeza. Vichungu, lakini nimeviona vitamu.

Jumanne, 4 Machi

Kaja asubuhi, kaja jioni. Viwili, viwili. Sista alipokuja na chupa akauliza tena kama nimemeza kitu. Mama mkwe kasimama pale pale. Hapana, nikasema.

Jirani yangu wa kitanda ni dereva wa lori aliyevunjika mguu. Wodi nzima tunamwita Breki. Anasema mkwe akikunywesha dawa kwa mkono wake, mahari inashuka. Nimecheka mpaka mshono ukanivuta. Maumivu kidogo tu. Raha tupu.

Jumatano, 5 Machi

Raha imeniishia.

Sista alikuwa anamfundisha mwanafunzi wa uuguzi kando ya kitanda changu. Kamwambia dawa ya chupa hii na vidonge vya homa vya dukani ni kitu kimoja. Mgonjwa akipata vyote, kipimo kinazidi, ini linaumia, na mwenyewe anaweza kujisikia mzima kabisa. Ndiyo maana tunauliza kila mara, kasema.

Nikajipapasa. Najisikia mzima kabisa. Jasho likanitoka.

Niseme? Mama mkwe atafokewa mbele ya wodi nzima, na aliyemchongea ni mimi. Posa kwaheri. Nisiseme? Ini ninalo moja. Breki kaniambia wazi: acha ujinga, mke utapata, ini hakuna duka linaloliuza.

Jioni nikapata akili, au nilidhani ni akili. Vidonge shavuni, maji kidogo, tabasamu. Akigeuka, natema, nasukuma chini ya mto. Vile vya mwanzo nimejikalia kimya navyo. Nampenda binti yake. Na mama mwenyewe nimeanza kumpenda, hilo ndilo linalonisumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameharibika!

Mama mkwe kaja, kanipa, nimebana shavuni. Mara Sista kaingia na shuka safi. Kanyanyua mto. Vidonge vikadondoka sakafuni, kimoja kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mama mkwe. Na mimi shavu limetuna kama mwizi wa karanga.

Sista kauliza kwa upole, hivi ni vya nani. Mama mkwe kanikazia macho. Nikavitema vya shavuni kiganjani.

"Vyangu, Sista. Vingine nilimeza, tangu Jumatatu. Mama hana kosa. Aliyeulizwa ni mimi, nikakataa."

Hakufoka. Kaifunga chupa hapo hapo, kamwita daktari, kanitoa damu ikapimwe ini. Majibu bado.

 Mama mkwe kainama, kaviokota kimoja kimoja, kavifumbata, katoka. Nikajua basi, posa imekwenda na maji. Hata Breki kajifunika shuka gubigubi.

Ila mkoba wake kauacha hapa, miguuni pangu. Na sasa namsikia koridoni, sauti ile ile inayonitisha, anambana Sista: majibu yanatoka lini, mbona damu yenyewe mmechukua kidogo hivyo, na ole wenu mumwekee tena chupa kabla hamjaniuliza mimi, huyo ni mkwe wangu –

Breki kafunua uso. Anauliza kama nimesikia.

Nimesikia. Nyayo zinakuja. Sijui ni majibu au ni yeye.